Charles Richet: Daktari aliyegundua kuwa kinga ya mwili yaweza kuua

MBWA huyo aliitwa Neptune. Alikuwa na nguvu na afya ya kupigiwa mfano, na katika maabara ya Kitivo cha Tiba jijini Paris, Ufaransa, hakuna aliyetarajia kwamba jina lake lingeingia katika historia ya tiba.

Mapema mwaka 1902 alidungwa kiasi kidogo sana cha sumu ya kiumbe wa baharini, naye hakudhurika. Siku 22 baadaye, akiwa mzima kabisa, alidungwa tena kiasi kile kile cha sumu ile ile.

Sekunde chache zilitosha. Neptune alianza kuhema kwa shida, akashindwa hata kujikokota, akalala ubavu, akaharisha na kutapika damu. Dakika 25 baada ya sindano hiyo alikuwa amekufa.

Aliyesimamia jaribio hilo alikuwa Charles Richet, profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 51. Yeye alitarajia kinyume cha hayo. Kwa elimu ya zama zile, dozi ya kwanza ilipaswa kumjengea mbwa huyo kinga, na dozi ya pili kumwacha salama zaidi.

Kifo hicho ndicho kilichoanza kuifundisha dunia kwa nini sindano, mlo wa kamba au mwiba wa nyuki, ambao watu wengi huuvumilia bila shida, unaweza kumwangusha mtu mmoja na hata kuushambulia moyo wake.

Mwana wa profesa wa upasuaji

Richet alizaliwa Paris mwezi Agosti 1850 katika familia yenye uwezo. Baba yake, Alfred Richet, alikuwa profesa wa upasuaji katika Kitivo cha Tiba cha jiji hilo, na kijana wake alifuata nyayo zake kwa kujiunga na masomo ya udaktari.

Hata hivyo, kisu cha upasuaji hakikumvutia sana. Alichotaka kujua ni namna mwili unavyofanya kazi ukiwa hai: tumbo linavyosaga chakula, misuli inavyojikunja na joto la mwili linavyodhibitiwa.

Katika miaka yake ya mwanzo alichunguza maji ya tumboni ya mgonjwa ambaye koo lake la chakula lilikuwa limeziba, hata madaktari wakalazimika kumtoboa tundu la kumlishia moja kwa moja tumboni. Baadaye alieleza jinsi mbwa, ambaye hatokwi na jasho kama binadamu, anavyopunguza joto lake kwa kuhema haraka haraka.

Mwaka 1887 aliteuliwa kuwa profesa wa fiziolojia katika kitivo kile kile alichofundisha baba yake. Mwaka uliofuata, akishirikiana na mwenzake Jules Héricourt, alionyesha jambo ambalo lilikuja kubadili tiba. Damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga dhidi ya vijidudu fulani, ikidungwa kwa mnyama mwingine, humkinga huyo wa pili pia.

Desemba 1890 Richet na wenzake walimdunga binadamu seramu ya aina hiyo kwa mara ya kwanza. Tiba hiyo haikufua dafu mbele ya kifua kikuu, ugonjwa aliokuwa ameulenga. Lakini mwezi huo huo watafiti wa Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, walitangaza mafanikio ya njia inayofanana na hiyo dhidi ya pepopunda na dondakoo.

Seramu ya farasi ikaanza kuokoa watoto waliokuwa wakikabwa koo na dondakoo. Mwaka 1901, Tuzo ya Nobel ya Tiba ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ilikwenda kwa Behring.

Hata hivyo, furaha hiyo ilikuwa na kivuli chake. Mwaka 1896 mtoto wa tabibu mmoja wa Berlin alidungwa seramu ya dondakoo kwa tahadhari tu, akafariki dakika chache baadaye. Wengine walipata vipele, homa na maumivu ya viungo siku kadhaa baada ya sindano. Hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika kwa nini dawa iliyowaponya wengi iliwageuka wachache.

Safari ya baharini

Jibu lilianza kupatikana mahali ambapo hakuna aliyelitafuta, yaani baharini. Katika kiangazi cha mwaka 1901, Richet alialikwa na Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco kusafiri katika meli yake ya utafiti, Princesse Alice. Mtawala huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa elimu ya bahari. Pamoja na Richet alikuwamo mwanafiziolojia kijana, Paul Portier.

Ni Mwanamfalme huyo na mshauri wake wa mambo ya bahari, Jules Richard, waliowashauri wachunguze sumu ya kiumbe aitwaye fisalia. Kiumbe huyo, anayefanana na konyeza, huelea juu ya maji kama kibofu cha buluu na kuburuta nyuzi ndefu chini yake. Anayezigusa nyuzi hizo hupata maumivu makali papo hapo. Fisalia hupatikana katika bahari zenye joto, ikiwamo Bahari ya Hindi.

Wakiwa melini, watafiti hao walifanikiwa kutoa sumu kutoka katika nyuzi hizo na kuijaribu kwa wanyama. Waliporudi Paris, fisalia hawakupatikana. Ndipo wakamgeukia kiumbe mwingine mwenye sumu ya kuwasha, aktinia, ambaye hujishikiza kwenye miamba ya pwani za Ufaransa na kuchanua mikono yake laini kama ua.

Lengo lao lilikuwa dogo: kujua ni kiasi gani cha sumu kinachoua. Mbwa waliopewa dozi ndogo walipona, na kwa kuwa walikuwa wazima, walitumiwa tena baada ya wiki kadhaa. Hapo ndipo yalipotokea ya Neptune.

Mwanzoni Richet mwenyewe aliona vigumu kuyaamini macho yake. Majaribio yakarudiwa, na matokeo yakawa yale yale. Mbwa aliyepata dozi ya pili baada ya siku chache hakudhurika sana. Aliyeipata baada ya wiki mbili au tatu alikufa kwa kiasi ambacho kisingemtikisa mbwa mgeni kwa sumu hiyo.

Februari 1902 Richet na Portier walitangaza matokeo yao mbele ya Jumuiya ya Biolojia mjini Paris. Richet alikuwa amelibuni jina kutokana na lugha ya Kiyunani, anafilaksia, akikusudia kinyume cha kinga.

Ugunduzi huo ulipindua imani iliyokuwa imejengeka tangu enzi za chanjo za kwanza. Mwili hukumbuka adui aliyewahi kuuingia, na kwa kawaida kumbukumbu hiyo huuokoa. Richet alionyesha kuwa kumbukumbu hiyo hiyo inaweza kumwangamiza mwenyewe. Waswahili wangesema kikulacho ki nguoni mwako.

Kutoka kwa mbwa hadi kwa binadamu

Mwaka 1903 mtafiti mwingine Mfaransa, Maurice Arthus, alionyesha kwamba hata kitu kisicho sumu, kama vile seramu ya farasi, kinaweza kumdhuru mnyama kikidungwa tena na tena. Mwaka 1906, Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, alibuni neno ambalo Waswahili leo wanaliita mzio, akieleza hali ya mwili uliobadilika na kuitikia mambo kwa namna isiyo ya kawaida.

Richet naye hakuishia kwa Neptune. Alionyesha kuwa damu ya mbwa aliyekwisha kupata hali hiyo, ikihamishiwa kwa mbwa mwingine, humhamishia pia hatari yake. Alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kinga huhamishika kwa damu, na sasa akaonyesha kwamba hata kinyume chake huhamishika.

Miongoni mwa dalili alizoziainisha ilikuwamo moja inayouhusu moyo moja kwa moja. Katika anafilaksia, msukumo wa damu hushuka ghafla na kwa kiwango kikubwa. Mnyama hudhoofika, viungo hukosa damu ya kutosha, na mwisho wake huwa kifo.

Mwaka 1910 huko Uingereza, Henry Dale na mwenzake walichunguza kemikali iitwayo histamini, wakaona kwamba ikidungwa kwa wanyama huleta hali inayofanana mno na ile ya mbwa wa Richet.

Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1913 ilitolewa kwa Richet peke yake kwa kazi yake juu ya anafilaksia. Portier, ambaye jina lake lilikuwa katika tangazo la mwaka 1902, hakujumuishwa. Aliendelea na utafiti wa viumbe wa baharini na akaishi hadi mwaka 1962. Monaco ilikuja kuwakumbuka wote wawili mwaka 1953 kwa stempu ya posta.

Mtu wa mambo mengi

Nje ya maabara, Richet hakuwa mtu wa kutulia katika jambo moja. Aliandika riwaya na tamthilia kwa jina la bandia la Charles Epheyre. Aliwasaidia ndugu wa familia ya Breguet kuunda chombo cha kupaa wima, ambacho mwaka 1907 kiliinuka kidogo kutoka ardhini kikiwa na mtu ndani, huku watu wanne wakikishikilia kisiyumbe.

Alipigania amani na utatuzi wa migogoro ya mataifa kwa usuluhishi. Aidha, alivutiwa mno na habari za mizimu na nguvu zisizoonekana, na mwaka 1905 alikuwa rais wa jumuiya ya London iliyochunguza mambo hayo. Mwaka huo huo mjini Algiers alishuhudia kikao ambacho alisadiki kuwa mzimu ulijitokeza ndani yake, jambo lililowafanya wakosoaji wake waseme kuwa alidanganywa.

Lakini lipo doa kubwa zaidi, ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulifumbia macho. Richet aliamini kwamba watu weusi ni duni kuliko weupe, na akaandika hivyo. Aliongoza chama cha Ufaransa kilichotetea wazo la kuchagua nani afaa kuzaa na nani hafai, na mwaka 1919 alichapisha kitabu juu ya uteuzi huo wa binadamu.

Mtu aliyewasihi wenzake wafuate ushahidi wa macho katika maabara aliuacha ushahidi huo mlangoni alipozungumzia watu wa rangi nyingine. Sayansi yenyewe haikumfuata huko. Anafilaksia haichagui rangi, na ugunduzi wake umeokoa maisha ya watu wa kila bara, wakiwamo wale aliowadharau.

Richet alifariki Paris mwezi Desemba 1935, akiwa na umri wa miaka 85. Mwanawe, aliyeitwa pia Charles, alikuwa daktari na alinusurika katika kambi ya mateso ya Buchenwald wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mjukuu wake, Gabriel, alikuja kuwa bingwa wa magonjwa ya figo.

Moyo wakumbukwa

Kwa miaka mingi baada ya kifo chake, madaktari walihesabu mzio kuwa ni jambo la ngozi, pua na mapafu. Moyo ulionekana kuumia tu kwa sababu msukumo wa damu umeshuka. Kwamba mzio wenyewe unaweza kuushambulia moyo ni fikra iliyochelewa.

Mwaka 1950 jarida moja la magonjwa ya moyo la Marekani lilichapisha habari za mgonjwa aliyepata mshtuko wa moyo wakati mwili wake ukipambana na mzio wa penisilini. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, watafiti wa Marekani na Sweden walitambua kingamwili maalumu inayohusika na aina hii ya mzio.

Mwaka 1991 madaktari wawili wa Ugiriki, Kounis na Zavras, walieleza kwamba maumivu ya moyo yanayotokea pamoja na mzio si jambo la bahati mbaya, bali ni hali moja yenye chanzo kimoja. Tangu hapo hali hiyo imejulikana kwa jina la Kounis.

Maelezo yake yanarudi kwa histamini ile ile. Ndani ya mwili zimo seli ziitwazo masti, zilizopewa jina hilo na Mjerumani Paul Ehrlich katika karne ya 19. Seli hizo zimejaa vifuko vya histamini na kemikali nyingine. Zimo katika ngozi, mapafu na utumbo, lakini zimo pia ndani ya moyo, zikiizunguka mishipa inayoulisha moyo wenyewe kwa damu.

Mtu mwenye mzio anapokutana na kile asichopatana nacho, vifuko hivyo hupasuka. Kemikali zinazotoka zinaweza kuufanya mshipa wa moyo ujikaze ghafla na kuibana njia ya damu. Zinaweza pia kuchochea damu igande, au kupasua utando wa mafuta uliokwisha kujijenga ndani ya mshipa.

Kwa sababu hiyo madaktari hutaja aina tatu. Ya kwanza humpata mtu mwenye mishipa mizima isiyo na kasoro, ambaye mshipa wake hujikaza tu. Ya pili humpata aliyekuwa na mafuta mishipani, pengine bila kujua. Ya tatu humpata mgonjwa aliyewekewa kibomba cha kuzibua mshipa, na damu ikagandia humo.

Vichochezi ni vingi na vya kawaida: dawa za antibiotiki, dawa za kutuliza maumivu, dawa zinazodungwa kabla ya picha maalumu za uchunguzi, miiba ya nyuki na nyigu, pamoja na vyakula kama samaki, kamba, kaa na karanga.

Hali hiyo humweka daktari njia panda. Adrenalini ndiyo dawa ya kwanza ya anafilaksia, na kuichelewesha kumegharimu maisha ya wengi. Lakini dawa hiyo hiyo hulazimisha moyo ufanye kazi zaidi na inaweza kuukaza mshipa uliokwisha kubanwa. Mofini, ambayo hutumika kutuliza maumivu ya mshtuko wa moyo, inaweza kuzichochea seli za masti zimwage histamini zaidi. Ndiyo maana ni muhimu daktari ajue kwamba anapambana na mambo mawili kwa pamoja.

Hapo mgonjwa na ndugu zake wana sehemu yao. Maumivu au mbano wa kifua, moyo kwenda mbio, jasho la baridi au kuzirai muda mfupi baada ya sindano, kidonge, chakula au mwiba wa mdudu si jambo la kusubiri hadi kesho. Ni la kukimbiza hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kilicholiwa, kilichomezwa au kilichouma, na saa lilipotokea. Hata kijana asiyewahi kuugua moyo astahili kupimwa umeme wa moyo na damu yake.

Kadhalika, aliyewahi kutokwa na vipele, kuvimba midomo au kukosa pumzi baada ya kutumia dawa fulani anapaswa kuitaja dawa hiyo kila anapotibiwa, hata asipoulizwa. Mzio uliokuwa mwepesi mara ya kwanza hautoi dhamana kwamba utakuwa mwepesi mara ya pili.

Richet hakuwahi kulisikia jina la Kounis, na mengi yaliyoelezwa baadaye kuhusu kingamwili hiyo na seli za moyo hakuyajua. Lakini swali ambalo muuguzi humwuliza mgonjwa kabla ya kumchoma sindano, kama kuna dawa isiyopatana naye, lina mizizi katika maabara yake. Neptune alipona sindano ya kwanza, akafa kwa ya pili.